PAUL ROBESON: MWIMBAJI ALIYENYIMWA PASIPOTI

Safari hii nawaletea maisha ya Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi wa Marekani. Mjue kwanza kwamba alisoma Kiswahili! Ndiyo, hiki hiki chetu. Alikisoma London katika miaka ya 1930, alipotaka kuijua Afrika ya mababu zake.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, New Jersey. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka akiwa mvulana, na baadaye akawa mchungaji. Mwaka wa 1915 Paul aliingia chuo cha Rutgers. Alipokwenda kujaribiwa katika timu ya mpira (si kandanda, bali ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia nao mikononi), wachezaji Wazungu walimvamia wakamvunja pua. Alirudi uwanjani vivyo hivyo, na mwaka wa 1917 na 1918 akachaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Halafu alisomea sheria huko Columbia, akamaliza 1923. Lakini wapi! Katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa, karani Mzungu alikataa kuandika maneno ya kusomewa na mtu Mweusi. Robeson akaiacha sheria, akashika jukwaa.

Sinema za siku hizo zilimjua Mweusi kama mtumishi, mchekeshaji au mshenzi wa porini, basi. Robeson alitaka picha hiyo ibadilike. Ndiyo maana alikubali kuigiza chifu Bosambo katika filamu ya Kiingereza iitwayo Sanders of the River, akiamini kuwa ingeonyesha mila za Kiafrika kwa heshima. Hata Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London, alionekana humo kama chifu mmojawapo. Filamu ilipotoka mwaka wa 1935, kumbe ni sifa tupu za mkoloni, na Bosambo ni kibaraka wake! Robeson aliumia sana. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipoona kwamba kipaji chake, hata kiwe kikubwa namna gani, hakikumpa mamlaka juu ya kamera. Mwaka wa 1942 aliachana na Hollywood kabisa.

Mwaka wa 1946 alikwenda kwa Rais Truman kudai sheria ya kuzuia Weusi wasiuawe na makundi ya Wazungu. Alitoka mikono mitupu. (Sheria ya namna hiyo ilipitishwa 2022!) Alisema wazi pia kwamba anaipenda Urusi ya Kikomunisti, na nadhani aliyafumbia macho maovu ya Stalin. Mwaka wa 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti, na kumbi zikamfungia milango. Yeye je? Mwaka wa 1957 aliwaimbia watu wa London kwa simu, sauti ikipita chini ya bahari! Pasipoti alirudishiwa 1958.

Wakati huohuo kitabu kimoja cha rekodi za mpira kilichapisha kile kikosi cha 1918 kikiwa na wachezaji 10 badala ya 11. Aliyekosekana ni yeye. Robeson alifariki tarehe 23 Januari 1976. Jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa wa mpira wa vyuo mwaka wa 1995.