Patrick Kennedy: Mtoto wa Rais aliyeishi saa 39 tu

Baba yake alikuwa Rais wa Marekani. Ndege, magari na madaktari bingwa vyote vilikuwepo. Kilichokosekana ni utelezi kidogo tu ndani ya mapafu.

Ilikuwa Agosti 7, 1963, saa 6:52 mchana. Jacqueline Kennedy, mke wa Rais John F. Kennedy, alijifungua kwa upasuaji wa dharura katika hospitali ya kambi ya jeshi la anga ya Otis, jimbo la Massachusetts. Mtoto alikuja wiki tano na nusu kabla ya siku zake, akiwa na kilo 2.1 hivi.

Kwa njiti, uzito huo haukuwa mbaya. Lakini muda si mrefu akaanza kuhema kwa shida. Padri wa kambi akambatiza harakaharaka. Mama akaoneshwa mwanawe kwa muda mfupi, kisha akakimbizwa Boston kwa gari la wagonjwa. Hakumwona tena akiwa hai.

Shida ilikuwa nini?

Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Mapafu yake yamejaa maji, na oksijeni anaipata kwa mama kupitia kitovu. Ila mapafu hayakai bure. Kuanzia wiki ya 24 hivi yanaanza kutengeneza utelezi unaoitwa sufaktanti, na kwa kawaida unatosha ikikaribia wiki ya 35.

Umewahi kufungua mfuko wa nailoni ulioloa ndani? Kuta zake zinanatana. Vifuko vya hewa kwenye mapafu navyo ni hivyohivyo: bila utelezi, vinajifunga kila mtoto anapotoa pumzi, na lazima atumie nguvu upya kuvifungua. Mwisho anachoka.

Kinachouma ni kwamba chanzo kilishajulikana. Mwaka 1959, hukohuko Boston, Dk. Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead walionesha kuwa watoto waliokufa kwa ugonjwa huu walipungukiwa na utelezi huo. Tiba ndiyo haikuwepo.

Madaktari wakamweka Patrick kwenye chemba yenye hewa ya mgandamizo mkubwa, wakitumaini oksijeni itapenya. Haikusaidia. Agosti 9, saa 10:04 alfajiri, akafariki, baba yake akiwa hapo hospitalini. Aliishi saa 39 na dakika 12.

Miezi mitatu baadaye, Novemba 22, baba naye aliuawa kwa risasi mjini Dallas. Leo wamelala pamoja katika makaburi ya Arlington.

Tiba ilikuja pole pole. Mwaka 1972, Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionesha kuwa sindano ya steroidi akichomwa mama kabla ya kujifungua inakomaza mapafu ya mtoto. Mwaka 1980, Tetsuro Fujiwara wa Japani akawawekea njiti 10 sufaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, na hali zao zikabadilika.

Siku hizi njiti kama Patrick, akipata huduma mapema, mara nyingi anapona. Lakini sindano ile inahitaji saa kadhaa kufanya kazi. Kwa hiyo mama mjamzito, ukisikia uchungu au chupa ikipasuka kabla ya siku zako, usisubiri kupambazuke. Wahi hospitali.