Kimura: Jamaa aliyeshinda kila mtu, akaangushwa na mechi iliyopangwa

Kama ulikuwa unatazama mieleka ya WWE miaka ile ya 2012, lazima unakumbuka Brock Lesnar alivyomfanyia Triple H pale SummerSlam. Alimkamata mkono, akaupinda nyuma ya mgongo, hadi mzee mzima akagonga sakafu kusalimu amri. Watangazaji wakawa wanalitaja jina moja tu: Kimura.

Watu wengi hulichukulia hilo kama jina la mtindo, kama vile RKO au Pedigree. Lakini Kimura ni mtu. Alizaliwa, akapigana, akapenda, akasota, akafa. Na kwa sisi tunaoamka saa kumi na moja alfajiri Jumapili kutazama UFC huku mtaa mzima umelala, huyu jamaa ni kama babu yetu.

Wacha nikupe stori yake. Kuna kitu ndani yake kinachomhusu kila anayetafuta riziki.

Mtoto wa mchimba kokoto

Masahiko Kimura alizaliwa Septemba 10, 1917, katika mji wa Kumamoto, kusini mwa Japani. Nyumbani hakukuwa na pesa. Baba yake alikuwa akichota kokoto mtoni, na Masahiko alimsaidia tangu akiwa mdogo. Ukitaka kujua zile nguvu za kiuno na mgongo zilitoka wapi, ni hapo. Gym yake ya kwanza ilikuwa mto.

Alianza judo akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Kufikia miaka 18 alikuwa tayari na dani ya 5, kiwango ambacho wengi hukifikia wakiwa watu wazima. Alichukuliwa na mwalimu mmoja mkali kupindukia, Tatsukuma Ushijima, akaingia Chuo Kikuu cha Takushoku jijini Tokyo. Ushijima alikuwa bingwa mwenyewe, lakini kuna taji moja lilimponyoka maisha yote: lile la mashindano yaliyofanywa mbele ya Mfalme wa Japani. Alichotaka ni kijana wake amletee.

Mwaka wa 1935 Kimura alipoteza mapambano manne. Alichanganyikiwa kiasi cha kufikiria kuachana na judo kabisa. Badala yake akafanya hesabu rahisi: kama wapinzani wanafanya mazoezi saa tatu kwa siku, yeye atafanya mara tatu ya hizo. Aliandika baadaye kwamba alikuwa akizoea kumpiga mti ngwara, kila siku, mara elfu moja. Mti! Ile ngwara yake ya kufagia mguu kutoka nje ikawa hatari kiasi kwamba wenzake mazoezini walimwomba asiitumie kwao, kwa sababu walikuwa wakianguka na kuzimia.

Na hakuwa mtu mkubwa. Urefu wake ulikuwa kama mita 1.70, uzani kilo 85 hivi. Msee wa kawaida tu ukipishana naye stejini.

Matokeo? Alikuwa bingwa wa Japani wa uzani wote mwaka wa 1937, 1938 na 1939. Mwaka wa 1940 akashinda yale mashindano ya mbele ya Mfalme, na mwalimu wake akapata alichokikosa. Zile mechi nne za 1935 ndizo pekee zinazohesabiwa kwamba alishindwa katika judo.

Vita, njaa na dawa

Halafu vita vikaharibu kila kitu. Kimura aliingizwa jeshini, na Japani ilipopigwa mwaka wa 1945, Wamarekani waliotawala nchi wakapiga marufuku judo shuleni. Fikiria wewe ndiye bora zaidi nchini kwa kazi yako, kisha unaamka asubuhi kazi yenyewe imefutwa. Kimura aliingia kwenye biashara za magendo ili ale. Bingwa wa Japani, anapiga hasla ya soko haramu kama mtu mwingine yeyote.

Mwaka wa 1949 alirudi kwenye mashindano ya Japani nzima, na fainali yake dhidi ya Takahiko Ishikawa ikaisha sare. Wakagawana taji. Lakini taji halinunui unga.

Na hapa ndipo stori inabadilika. Mke wake alikuwa anaugua kifua kikuu. Dawa zilikuwepo, ila bei yake haikuwa ya maskini. Kwa hivyo Ushijima alipoanzisha judo ya kulipwa mwaka wa 1950, Kimura alijiunga. Wakubwa wa judo pale Kodokan, makao makuu ya mchezo huo, hawakufurahia. Kwao judo ilikuwa heshima, haikuwa biashara.

Mimi niliachia chuo njiani karo ilipokatika, kwa hivyo nitasema bila kupepesa macho: ni rahisi kuhubiri heshima ukiwa umeshiba. Kimura alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Ile judo ya kulipwa haikudumu hata mwaka. Akaenda Hawaii, akapigana na kucheza mieleka ya maonyesho, akapata doo ya dawa. Kisha mwaka wa 1951 akapokea mwaliko wa kwenda Brazili.

Usiku wa Maracanã

Brazili kulikuwa na familia inayoitwa Gracie. Kama unafuatilia UFC, hilo jina halihitaji utangulizi. Walikuwa wamechukua mbinu za judo walizofundishwa kupitia Mjapani mwingine, Mitsuyo Maeda, wakazigeuza kuwa jujitsu yao wenyewe. Hélio Gracie alikuwa mwembamba, na sifa yake ilikuwa moja: hakubali kushindwa.

Kwanza Hélio alipigana na Yukio Kato, mwenzake Kimura kwenye ziara hiyo. Pambano la kwanza sare. La pili, Hélio akampiga Kato ngeta hadi akazimia. Sasa ikawa zamu ya mkubwa mwenyewe.

Oktoba 23, 1951, katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Maelfu ya watu. Kimura aliandika kwamba alipofika alikuta mashabiki wa Gracie wamemletea jeneza, na yeye akacheka. Sheria zilikuwa kali: kumwangusha mtu hakukuhesabiwa, kumbana chini hakukuhesabiwa. Unashinda mwenzako akikubali kushindwa au akizimia. Basi.

Kimura alimrusha Hélio huku na kule raundi yote ya kwanza, dakika 10. Hélio akawa anaamka tu. Raundi ya pili, kama dakika tatu hivi, Kimura alimwangusha tena, akaukamata mkono wake wa kushoto. Alishika kifundo kwa mkono mmoja, akapitisha mkono wa pili na kujishika mwenyewe, ukawa kama umbo la namba nne. Kisha akaupinda kuelekea nyuma ya mgongo. Ni kama vile baunsa humpinda mlevi mkono akimtoa klabuni, ila hapa unapinda hadi bega na kiwiko viseme imetosha.

Mtu wa kawaida hugonga sakafu haraka sana. Hélio hakugonga. Kimura aliandika kwamba alisikia mfupa ukivunjika, na bado jamaa yuko kimya. Akaongeza nguvu. Kimya. Ni Carlos, kaka yake Hélio, aliyetupa taulo na kuokoa ule mkono.

Sasa sikiliza sehemu ninayoipenda kuliko zote. Familia ya Gracie ingeweza kulificha pambano hilo. Ingeweza kusema refa aliuza, au Kimura alikuwa mzito kupita kiasi, na kweli alimzidi Hélio uzani kwa mbali. Badala yake, walimkaribisha Kimura kwenye ukumbi wao wa mazoezi. Na ile mbinu, ambayo kwenye judo ina jina la Kijapani la ude-garami, wao wakaanza kuiita Kimura. Walioshindwa ndio waliobeba jina la mshindi, wakalipeleka dunia nzima.

Usiku wa Tokyo

Alirudi Japani kukiwa na nyota mpya, Rikidozan, Mkorea aliyekuwa mchezaji wa sumo kabla ya kuingia mieleka. Mapema mwaka wa 1954 Rikidozan na Kimura waliungana dhidi ya ndugu wawili waliokuja kutoka Amerika Kaskazini, akina Sharpe. Runinga ilikuwa ngeni Japani, na umati ulijazana barabarani kutazama. Lakini katika mechi hizo, Kimura ndiye alikuwa anapangiwa kupigwa, na Rikidozan anaingia kuokoa jahazi. Bingwa wa judo akawa msaidizi kwenye filamu ya mtu mwingine.

Kimura akaongea na magazeti. Akasema mieleka ya Rikidozan ni maonyesho, na wakikutana kwa ukweli yeye ndiye atashinda. Pambano likapangwa Desemba 22, 1954, ukumbi wa Kuramae Kokugikan, Tokyo.

Kulingana na Kimura, walikuwa wamekubaliana: mechi ya kwanza sare, kisha kuwe na marudiano, wote wapate pesa. Alikwenda akijua ni mchezo. Katikati ya pambano, Rikidozan alibadilika. Alianza kumchapa kwa viganja usoni na shingoni, kwa nguvu zote, na Kimura hakuwa amejiandaa. Alianguka. Damu ikatapakaa. Japani nzima ikaona bingwa wake wa judo akiwa amelala sakafuni.

Rikidozan alishikilia kwamba alikasirishwa na teke lililokaribia sehemu zake za siri. Mimi siinunui hiyo. Teke moja halielezi kipigo kama kile.

Lakini pia lazima tuseme ukweli wa upande wa pili. Kimura alikubali mechi ya kupangwa, na mtu akikubali mechi ya kupangwa hana pa kulalamikia ikipanguliwa. Utamwambia nani? Ukisema ulidanganywa, unakiri na wewe ulikuwa unadanganya mashabiki. Huo ndio mtego wa mechi za kuuzwa, iwe Tokyo 1954 au ligi yoyote leo. Anayekupangia ushindi leo ndiye atakayekupangia kushindwa kesho.

Rikidozan naye hakufika mbali. Alichomwa kisu na mwanachama wa genge la yakuza kwenye klabu moja Tokyo mnamo Desemba 1963, akafa wiki moja baadaye akiwa na miaka 39. Kimura aliishi miaka mingi baada yake, lakini deni lile halikulipwa. Kidonda hicho kilikaa sana hivi kwamba mwaka wa 2011 mwandishi Toshinari Masuda alitoa kitabu kinene, na jina lake linauliza kwa nini Kimura hakumuua Rikidozan. Kiliuzwa kama njugu.

Miaka ya mwisho

Hakukaa chini kujihurumia. Mwaka wa 1959 alirudi Brazili, akiwa na miaka zaidi ya 40 na goti bovu, akapigana na Waldemar Santana. Huyu ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa Hélio, kisha akamshinda mwalimu wake mwaka wa 1955 katika pambano la zaidi ya saa tatu. Walipigana kwa sheria za vale tudo, yaani ngumi, mateke na kushikana. Baada ya dakika 40 ikawa sare. Hiyo ni MMA kabla ya MMA.

Kisha akarudi Takushoku kufundisha. Mmoja wa vijana wake alikuwa Doug Rogers wa Kanada, aliyeshinda medali ya fedha kwenye Olimpiki za Tokyo 1964. Lakini Kodokan hawakumsamehe. Alipata dani ya 7 akiwa na miaka 30, na hakupandishwa tena hadi kufa.

Alifariki Aprili 18, 1993, kwa saratani ya mapafu. Miezi saba tu baadaye, Novemba 12, UFC ya kwanza ikafanyika Denver, Marekani. Nani alishinda? Royce Gracie, mtoto wa Hélio. Mzee alikosa kuona dunia iliyozaliwa kutokana na usiku ule wa Maracanã.

Orodha yangu

Ukiniuliza mapambano ya MMA ambayo hayatoki kichwani mwangu, mengi yana mkono wa Kimura ndani. Frank Mir dhidi ya Antônio Rodrigo Nogueira, UFC 140, Desemba 2011: Mir anakaribia kuzimwa, anageuza meza, anauvunja mkono wa mtu ambaye hakuwahi kulazimishwa kusalimu amri. Noma.

Lakini namba moja kwangu ni Kazushi Sakuraba dhidi ya Renzo Gracie, PRIDE 10, Agosti 2000, Japani. Sekunde chache kabla ya pambano kuisha, Sakuraba anamshika Renzo kwa mbinu ileile, anazunguka naye, kiwiko kinatoka mahali pake. Na Renzo, damu ya Gracie, hagongi. Miaka 49 baadaye, Mjapani na Gracie, mbinu moja, kiburi kilekile. Kama hiyo haikusisimui, tafuta mchezo mwingine.

Tokyo, Kimura alikubali kuigiza, akabaki na aibu ambayo nchi yake iliikumbuka miaka na miaka. Rio alipigana kwa ukweli, na aliyevunjwa mkono ndiye akamtunzia jina. Kwa hivyo Jumapili ijayo alfajiri, ukisikia mtangazaji akilitaja, jua anamtaja mtoto wa mchimba kokoto wa Kumamoto, aliyeanza kupigania pesa kwa sababu ya dawa za mke wake.