Mwami Rwabugiri wa Rwanda

Mtu akaaye Isaka ameyaona malori yachukuayo shehena za kwenda Rwanda, lakini si wengi wamjuao mfalme aliyeikuza nchi ile. Jina lake Kigeli Rwabugiri, mwana wa Mwami Rwogera, naye alitawala zamani zile zile za Mirambo wa Unyamwezi.

Rwabugiri hakupenda kukaa mahali pamoja. Alikuwa na makao mengi, akapiga vita huko na huko, hata katika kisiwa cha Ijwi kilichomo Ziwa Kivu. Katika majeshi yake Mtutsi, Mhutu na Mtwa walikwenda pamoja, maana wote walisema lugha moja na kumtii Mwami mmoja.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mahali pengi ardhi ilikuwa mikononi mwa wazee wa ukoo. Rwabugiri akapeleka wakubwa wake, mfano wa wanangwa wa kwetu zamani, wakaishika ardhi hiyo. Basi mkulima aliyetaka kulima shamba la babu yake ilimpasa kwanza amtumikie mkubwa bila ujira. Kazi hiyo iliitwa uburetwa. Wahutu walilazimishwa kuifanya, Watutsi hawakulazimishwa. Nionavyo mimi, hapo ndipo lilipo shina la uadui. Zamani Mhutu aliyepata ng'ombe wengi aliweza hatimaye kuhesabiwa Mtutsi. Sasa jina la Mhutu likawa jina la mtu wa kutumikishwa.

Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alifika kwake. Mwaka uliofuata Rwabugiri akafa, akiwa katika safari ya kupiga vita Bushi, magharibi ya ziwa. Mrithi wake, Rutarindwa, alipinduliwa mwaka 1896, akafa, na Musinga aliyekuwa bado kijana akatawazwa.

Wajerumani waliikuta uburetwa wakaiacha. Wabelgiji waliofuata waliwaondoa machifu wa Kihutu, na katika miaka ya 1930 wakaandika katika kitambulisho cha kila mtu mzima kwamba ni Mhutu, au Mtutsi, au Mtwa. Uburetwa ilifutwa mwaka 1949, lakini maandishi yale hayakufutwa. Mwaka 1959 damu ilimwagika, na wakimbizi wengi wakatoka nchini, wengine wakavuka mpaka kuingia Tanganyika. Mwaka 1994, Watutsi walipouawa kwa mamia ya maelfu, wauaji walisimama njiani wakidai kuonyeshwa vitambulisho, navyo vilikuwa bado vimeandikwa vivyo hivyo.