Ayrton Senna: Kijana wa karti aliyejifunza kwenye mvua

Tukitaja mbio za magari, wengi wetu tunaiona Safari Rally: vumbi, matope na magari yanayofanana na ya barabarani. Leo tunakupeleka kwenye mbio za langalanga, ambako gari lina kiti kimoja na magurudumu yake yamekaa wazi, nje ya bodi. Ayrton Senna wa Brazil alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizo mara tatu, 1988, 1990 na 1991. Hayo yamesimuliwa sana. Sisi tunaangalia miaka ya kabla yake, alipokuwa bado anapanda ngazi, na wakati mmoja akaamua kuteremka mwenyewe.

Alizaliwa São Paulo tarehe 21 Machi 1960. Baba yake, Milton da Silva, alikuwa na kiwanda cha vipuri vya magari na mashamba. Tunalitaja hili mapema kwa sababu mbio hizi hula fedha: matairi, injini, mafundi na safari hulipiwa kabla dereva hajapata hata senti. Mtoto wa maskini mwenye kipaji kama chake huenda asingeonekana kabisa.

Utotoni viungo vyake vilikuwa vizito, akijikwaa mara kwa mara, hata wazazi wakaingiwa na wasiwasi. Alipofika miaka 4, baba alimtengenezea karti, yaani kigari kidogo kisicho na bodi wala springi, akakifunga injini ya mashine ya kukatia majani yenye nguvu ya farasi mmoja. Kwenye usukani, mtoto yule akatulia.

Mashindano rasmi aliyaanza 1973, akiwa na miaka 13. Katika mbio moja za mwanzo mvua ilinyesha na wenzake wakampita kirahisi. Jambo hilo lilimchoma. Tangu hapo, kila mvua iliponyesha, wengine wakikimbilia kujikinga, yeye aliitoa karti yake na kuzunguka peke yake mpaka akajua tairi linaanza kuteleza wapi na breki ikanyagwe lini. Mwaka 1977 akawa bingwa wa Amerika Kusini. Ubingwa wa dunia wa karti aliukosa, akashika nafasi ya pili 1979 na tena 1980. Taji hilo hakulipata kamwe.

Mwaka 1981 alihamia Uingereza pamoja na mkewe, ndoa yao ikiwa bado changa. Akaanza Formula Ford, daraja la chini ambalo magari hayana mabawa na injini zinalingana, kwa hiyo tofauti huonekana kwenye mikono ya dereva. Ndani ya mwaka mmoja akatwaa mataji mawili.

Kisha akaacha. Nyumbani wadhamini hawakupatikana, na baba alitaka mwanawe asimamie biashara ya familia. Kijana akarudi São Paulo, akakaa ofisini. Hakuweza. Mwanzoni mwa 1982 baba alikubali kumwachia, naye akarejea Uingereza, safari hii peke yake, kwa kuwa ndoa ilikuwa imevunjika. Da Silva ni jina la watu wengi mno Brazil, hivyo akaanza kujulikana kwa jina la ukoo wa mama yake: Senna. Mwaka huohuo alishinda taji la Uingereza na la Ulaya katika Formula Ford 2000, magari yenye mabawa ya kuyakandamiza chini.

Daraja lililofuata lilikuwa Formula 3, mwaka 1983. Alishinda mbio 9 za kwanza mfululizo, na ingedhaniwa kazi imekwisha. Lakini Mwingereza Martin Brundle akaanza kumkaribia, na Senna, asiyejua kukubali nafasi ya pili, akaanza kugonga. Kule Oulton Park gari lake liliishia juu ya gari la Brundle. Kwa maoni yetu hasira hiyo ndiyo iliyokaribia kumnyang'anya taji, maana kufikia mbio za mwisho, Thruxton, Brundle alikuwa mbele kwa alama 1.

Senna alikuwa na ujanja wake. Oili ikiwa baridi injini haitoi nguvu zake zote, kwa hiyo rejeta ya oili ilizibwa kwa utepe ili ipate moto haraka. Inasimuliwa kwamba baada ya mizunguko michache alilegeza mikanda ya kiti, akanyoosha mkono nje gari likiwa kasini, akaubandua. Alishinda mbio na taji. Mwaka uliofuata aliingia Formula 1 na timu ya Toleman, na pale Monaco, kwenye mvua kubwa, akamaliza wa pili kwa gari ambalo halikutarajiwa kufika mbali.

Alifariki Imola, Italia, tarehe 1 Mei 1994, akiwa na miaka 34. Siku moja kabla, palepale, alikufa Roland Ratzenberger wa Austria. Naye alizaliwa 1960, naye alipitia Formula Ford ya Uingereza, lakini ilimchukua hadi 1994 kuifikia Formula 1. Ndani ya gari la Senna ilikutwa bendera ya Austria iliyokunjwa.