Mutakatifu Petro Claver katika muji wa Cartagena

Katika siku hizi za jubile, tunapokumbuka mapadri na makatekista waliotutangulia, tumeona vema tusimulie maisha ya mutakatifu mumoja asiyekanyaga Afrika hata siku moja. Afrika ndiyo iliyomufikia yeye, ikiwa imefungwa minyororo.

Petro Claver alizaliwa mwaka 1580 kijijini Verdú, katika Hispania, katika jamaa ya wakulima. Mwaka 1602 aliingia katika Shirika la Yezu. Alipokuwa akisoma katika kisiwa cha Mayorka alipata rafiki wa pekee, Bruda Alfonso Rodríguez, muzee mulinzi wa mulango wa koleji. Muzee huyo, asiye padri wala mwalimu, ndiye aliyemusukuma avuke bahari kwenda Amerika. Akasafiri mwaka 1610, akafika katika bandari ya Cartagena.

Sherti kwanza tueleze muji ule ulikuwa wa namna gani. Pedro de Heredia aliuanzisha mwaka 1533 kwa jina la mufalme wa Hispania, kwenye pwani ya inchi inayoitwa leo Kolombia, mahali ambapo bahari inaingia ndani ya inchi kavu na merikebu zinapata kimbilio. Utajiri wake wa kwanza ulitoka makaburini: Wahispania walichimbua makaburi ya Wazenú, wenyeji wa inchi ile, wakatwaa zahabu waliyozikwa nayo wakubwa wao. Halafu merikebu za mufalme, zilizobeba feza ya milima ya Peru, zikafanya Cartagena kituo chao kabla ya kurudi Ulaya. Penye mali wanyang'anyi hawakosi. Mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake aliuteka muji, akachoma nyumba nyingi, asiondoke mpaka alipolipwa makombozi. Basi mufalme akamutuma Mwitalia Bautista Antonelli, fundi wa ngome, na kuta kubwa za mawe zikaanza kujengwa. Waliobeba mawe yale wengi wao walikuwa watumwa weusi.

Tena mufalme aliagiza watumwa waingizwe kwa bandari chache tu, na Cartagena ikawa ya kwanza kati yao. Wareno ndio waliowaleta, wakiwatoa Guinea, na zaidi sana Luanda, ambako walikusanywa watu wa Angola na wa Kongo. Tuseme wazi: muji ule ulikua kwa jasho la ndugu za babu zetu na kwa bei waliyouzwa.

Claver alipewa upadri pale Cartagena tarehe 19 Machi 1616. Aliyemuonyesha kazi ni Padri Alonso de Sandoval, aliyekuwa amekwisha kuwahudumia watumwa kwa miaka mingi. Sandoval alikuwa na shaka moja nzito. Kule Luanda watu walinyunyiziwa maji makundi kwa makundi pasipo mafundisho, na wengi hawakujua maana yake. Kwa hiyo aliwauliza mumoja mumoja kama walifahamu walichotendewa.

Lakini atawauliza kwa luga gani? Hapa sisi makatekista tusimame kidogo. Koleji ya mapadri ilikuwa na watumwa wake walionunuliwa kuwa wakalimani. Mumoja ni Andrés Sacabuche, mutu wa Angola. Mwingine alijua luga nyingi hata akaitwa Calepino, jina la kamusi mashuhuri ya wakati ule. Claver alijifunza luga ya Angola, lakini bila watu hawa angalikuwa kama bubu. Merikebu ilipoonekana, alikwenda pamoja nao, wamebeba maji, malimau, mukate na tumbako. Aliingia chini kwenye giza na harufu mbaya, akawahudumia kwanza waliokuwa karibu kufa, akiwafunika kwa joho lake mwenyewe. Baadaye, katika nyumba walimofungiwa kungojea wanunuzi, aliwafundisha kwa picha na kwa kinywa cha mukalimani, kisha akawabatiza kumi kumi, kila kumi jina moja, wapate kukumbushana. Husemwa aliwabatiza watu 300.000, hesabu ya namna hii tunaiacha mikononi mwa Mungu.

Mwaka 1622, alipotoa naziri zake za mwisho, alijiandika kwa mukono wake kuwa mutumwa wa watu weusi kwa siku zote. Katika kitubio aliwapokea wao kwanza, na mabibi wa Kihispania walingoja zamu yao. Walinung'unika kwamba kanisa linanuka. Yeye hakugeuza kitu.

Hata hivi hatutaki kumupamba kupita kweli. Hakupiga vita biashara yenyewe, na wakalimani wake walibaki watumwa. Aliharibu ngoma za watumwa na kuwanyang'anya vyombo vyao, jambo ambalo sisi, tunaopiga ngoma mbele ya altare, tunalisoma kwa uchungu. Katika miaka yake, mwaka 1621, wakubwa wa Cartagena walimunyonga Benkos Biohó, mutumwa aliyetoroka akawakusanya wenzake msituni. Claver aliichukua mizigo ya muji ule bila kuuvunja mufumo wake.

Kunako mwaka 1650 ugonjwa ulimushika, viungo vikalegea. Miaka minne alilala chumbani, karibu kusahauliwa. Mutumwa aliyewekwa kumutunza alimutendea kwa ukali na kula chakula chake. Yeye hakumushitaki, akisema moyoni kwamba amestahili. Habari ilipoenea kwamba anakufa, wakubwa kwa wadogo walijazana mulangoni na kukatakata nguo zake kuwa ukumbusho. Alikufa tarehe 8 Septemba 1654.

Miaka michache baadaye, Eklezya ilipouliza habari za maisha yake, wakalimani walisimama mbele ya waamuzi. Sacabuche aliapa na kusimulia aliyoyaona ndani ya merikebu. Mengi tunayoyajua yametoka vinywani mwao.

Papa Leo wa 13 alimutangaza mutakatifu tarehe 15 Januari 1888, pamoja na Alfonso, yule mulinzi wa mulango. Mwaka ule ule Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akiilaani biashara ya watumwa iliyokuwa ikiteketeza vijiji vya kando ya Tanganyika yetu. Mifupa ya Claver ingali chini ya altare katika Cartagena, na mbali kidogo, kijijini Palenque, wajukuu wa waliotoroka wangali wakitia maneno ya Kikongo katika luga yao.