Riemann na Njia Nyoofu Zinazokutana

Nilipokuwa mwalimu chipukizi wa hisabati, mwanafunzi mmoja aliniuliza ni nani aliyeamuru pembe za kila pembetatu ziwe na jumla ya nyuzi 180. Nikamnyamazisha. Laiti ningalikuwa nimesoma habari za Bernhard Riemann!

Riemann alizaliwa mwaka wa 1826 huko Breselenz, Ujerumani, mwana wa kasisi asiye na mali. Afya yake ilikuwa dhaifu, na haya zilimzidi hata kusema mbele za watu kukamtia hofu. Ili aruhusiwe kufundisha katika Chuo Kikuu cha Göttingen, ilimpasa atoe mhadhara. Alipendekeza mada tatu. Mzee Gauss, bingwa wa hisabati wa zama hizo, akachagua ya tatu, ambayo kijana hakuwa ameitayarisha: misingi ya jiometri. Gauss mwenyewe alikuwa ameyatafakari hayo miaka mingi, akayafungia kifuani. Tarehe 10 Juni 1854, yule mwenye haya akasimama akayasema.

Alionyesha kwamba anga si lazima liwe bapa, na kwamba mpindo wake waweza kupimwa na aliyemo ndani yake. Jambo hili ni zito kuwazika katika anga letu la vipimo vitatu. Basi na tushuke hadi uso wa vipimo viwili. Wasafiri wawili wako juu ya Ikweta, mmoja Maseno, mwingine Nanyuki. Kila mmoja anashika njia ya kaskazini moja kwa moja, asipinde kushoto wala kulia. Mwanzoni njia zao ni sambamba. Hata hivyo, nafasi baina yao yapungua hatua kwa hatua, mpaka wanakutana kwenye Ncha ya Kaskazini. Pembe mbili za Ikweta pekee zimekwisha kutimiza nyuzi 180. Ile ya tatu ni ziada. Wangedhani wamevutwa na nguvu fulani, kumbe ni umbo la dunia tu! Wala hawakuhitaji kupaa angani ili kulijua.

Mwaka wa 1915 Albert Einstein aliitumia jiometri hiyo kueleza uvutano. Riemann hakuyaona hayo. Kifua kikuu kilimwua nchini Italia tarehe 20 Julai 1866, akiwa na umri wa miaka 39, na mhadhara wenyewe ulichapishwa mwaka wa 1868.

Mwanafunzi wangu alihama shule kabla sijamrudia na jibu.