ELIJAH MASINDE: NANI ALIMWITA MWENDAWAZIMU?

Hapa kwetu Voi lipo neno moja ambalo sisi wanafunzi tunalitumia ovyo. Tukimwona mtu anaongea peke yake, tunasema ni mwendawazimu. Akija mgeni mwenye mavazi tusiyoyazoea, huyo naye mwendawazimu. Kuna mama mmoja hushinda pale stendi ya matatu na furushi lake, nasi tulikuwa tukimwimbia neno hilo kila jioni tukitoka shule. Mimi nilikuwa kiongozi wa waimbaji, mpaka siku niliyosoma maisha ya Mzee Elijah Masinde.

Masinde alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910 huko Kimilili, katika nchi ya Wabukusu, karibu na Mlima Elgon. Ujanani alisakata kabumbu kwelikweli! Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, tena akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Baadaye aliajiriwa na mahakama ya wenyeji, kazi yake ikiwa kuwapelekea watu samansi. Basi hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alikuwa na kazi, jina na watu wake.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alianzisha Dini ya Msambwa. Aliwafundisha watu wamwabudu Mungu kwa njia ya babu zao, na kwamba wakoloni warudi kwao. Serikali ilipoamuru watu wang'oe magugu kwa lazima, alikataa. Ilipotafuta vijana wa kufanya kazi ya lazima, alipinga pia. Alishtakiwa, na mwaka 1945 akapelekwa Nairobi, si jela tu, bali hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alikaa humo hadi mwaka 1947.

Hebu tuitazame hospitali yenyewe. Ilifunguliwa mwaka 1910, na jina la Mathari ikapewa mwaka 1924. Wakati wa Masinde mkuu wake alikuwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani, na humo alidai kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake. Sasa niambie, msomaji, mtu mwenye imani kama hiyo atampimaje Mwafrika anayemkatalia mzungu?

Wanasaikolojia wana vipimo kadhaa vya tabia isiyo ya kawaida. Cha kwanza ni uchache: jambo linalofanywa na watu wachache sana. Cha pili ni kuvunja desturi za jamii. Cha tatu ni mateso ya mwenyewe, na cha nne ni kushindwa kuendesha maisha ya kila siku. Wengine huongeza hatari kwake au kwa wenzake. Vipimo viwili vya kwanza vina kasoro kubwa. Bingwa wa hesabu naye ni mmoja kati ya wengi, na desturi zinategemea ni za nani.

Mfano tunao hapa hapa Taita. Mwaka 1957 mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika juu ya saka, hali iliyowashika wanawake wa Kitaita wakatetemeka bila kujizuia. Mgeni angesema huyu afungiwe. Wataita walikuwa na jina la hali hiyo na ngoma ya kuituliza, na kitu alichokitamani mwanamke kilitafutwa akapewa.

Mzee Masinde alivunja desturi, ndiyo, lakini desturi za nani? Za mkoloni. Na je, alishindwa kuendesha mambo yake? Alipotoka Mathari tu, Septemba 1947, aliongoza umati mkubwa hadi Chetambe kuwakumbuka Wabukusu waliouawa vitani mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini yake huko Malakisi, wakafa watu 11. Dini ikapigwa marufuku, naye akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, huku kwetu pwani. Safari hii hakuitwa mgonjwa, aliitwa hatari. Aliachiliwa uhuru ulipokaribia, lakini hata serikali ya Kenya huru ilipiga dini yake marufuku mwaka 1968 na kumfunga tena. Alifariki mwaka 1987.

Sisemi kwamba ugonjwa wa akili haupo. Upo, unatesa, na dawa zake zipo. Ndiyo maana neno lenyewe si la mchezo. Anayelitumia kumnyamazisha mkaidi amekosa, na anayelitumia kumcheka mgonjwa amekosa mara mbili.

Juzi wenzangu walipoanza kumwimbia yule mama wa stendi, mimi sikuitikia. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba vizuri kabisa, akaniuliza kama nimekula. Nyuma yangu wenzangu walicheka, wakasema leo nami nimeshikwa na wazimu. Wahenga walisema, akutukanaye hakuchagulii tusi. Nilikaza mwendo nikaenda nyumbani, nikimfikiria Mzee Masinde.